Mbao Zilizofika Dodoma Mbichi

Usiku mmoja wa Agosti 2021 nilisikia mlio sebuleni, kama mtu amevunja kijiti kikavu gotini. Nikaamka, nikawasha taa. Ukuta wa mbao niliokuwa nimeugharimia miezi minne tu iliyopita ulikuwa umeachia kila mahali. Ubao mmoja karibu na swichi ulikuwa umepasuka kuanzia kwenye msumari mpaka nchani. Asubuhi mwanangu wa darasa la pili alichukua penseli yake, akaitumbukiza kwenye nafasi iliyokuwa kati ya ubao na ubao, ikazama yote. Nilikaa kwenye kochi nikalia. Fedha ile ilikuwa ya mkopo, na makato ya mshahara yalikuwa yamebaki miezi kumi na tisa.

Dodoma sasa inajengwa kila kona, kuanzia Nala hadi Ihumwa, na kila mara anakuja mgeni nyumbani, anaupapasa ukuta tulionao leo, kisha ananiomba namba ya fundi. Namba naitoa. Lakini ukuta huu ulitanguliwa na kosa kubwa, na ningependa mwenye kiwanja na haraka yake alisikie kosa lenyewe kwanza.

Nilihamia Dodoma mwaka 2019, wakati watumishi wengi tulipokuwa tunaifuata Serikali kutoka Dar es Salaam. Nilipata kiwanja Nala, upande wa barabara ya Singida, nikajenga kama kila mtu anavyojenga: tofali za saruji, plasta, vigae sakafuni, dari ya gipsamu, madirisha ya alumini. Tulihamia Desemba 2020 dari ya chumba kimoja ikiwa haijapigwa. Nyumba ilikuwa safi, inang'aa, na ina kelele. Kijiko kikianguka jikoni kilisikika chumba cha mwisho. Televisheni ikiwaka huku watoto wanaongea, maneno yaligonga ukuta yakarudi juu ya maneno mengine. Mimi nilizoea. Mama yangu hakuzoea.

Mama alikuja kuishi nasi kutoka Bahi baada ya baba kufariki. Masikio yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu, ila kule kijijini alikuwa anapiga soga na jirani zake bila shida. Sebuleni kwangu akageuka mtu wa kutikisa kichwa. Unamwuliza, "Mama, nikuongeze chai?" anaitikia, "Wazima, mwanangu, namshukuru Mungu." Baadaye akawa anakula haraka na kurudi chumbani. Nikadhani uziwi umezidi. Tukampeleka hospitali, akapimwa, na mtaalamu wa masikio akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: sebule yenu ina nini? Nikamwambia vigae. Mapazia? Mepesi. Zulia? Hatuna. Akanieleza kwamba mtu ambaye usikivu wake umepungua anaweza kufuata mazungumzo vizuri kwenye chumba kisicho na mwangwi, lakini kwenye chumba kitupu chenye kuta ngumu anapata makelele tu. Kuongeza sauti hakumsaidii, kwa sababu mwangwi nao unaongezeka.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nawaza tembe ya bibi yangu. Wagogo wenzangu wanaifahamu: nyumba fupi ya udongo, paa bapa la miti iliyopangwa na kufunikwa udongo, nguzo za miti katikati zilizoiva kwa moshi. Mle ndani mtu aliongea kwa sauti ya chini na akasikika. Mchana wa Oktoba ulikuwa unaingia ukitoka kwenye jua kali unapumua. Sikutaka kurudi kwenye tembe, ila nilitaka kitu fulani cha mle ndani kirudi kwangu. Hapo ndipo nikafikiria mbao.

Faida za mbao ndani ya nyumba si mapambo tu, na nazieleza hapa kwa sababu ndizo zilizonifanya nisikate tamaa baadaye. Plasta na kigae hurudisha karibu sauti yote inayoyagonga. Fito za mbao zilizopangwa kwa kuachiana nafasi, nyuma yake pakiwa na uwazi na kitu laini, huitawanya sauti na kuimeza sehemu. Halafu kuna baridi. Watu wa Pwani wanaodhani Dodoma ni joto tupu waje Julai, upepo unapovuma usiku na joto kushuka hadi nyuzi 13 au 14. Gusa ukuta wa saruji saa kumi na moja alfajiri, kisha gusa mlango wa mbao. Vyote viwili vimelala chumba kimoja, lakini ukuta unakunyang'anya joto la kiganja na mlango haukunyang'anyi. Msindano mkavu, yaani paini, hupitisha joto polepole kuliko zege kwa takriban mara kumi. Mtoto anayeegemea ukuta akifanya kazi za shule anaijua tofauti hiyo kwa bega lake.

Basi Machi 2021, katikati ya mvua, nikaagiza mbao Mafinga. Eneo lile limezungukwa na misindano ya msitu wa Sao Hill, na bei yake ni ya chini kuliko ya kununua hapa mjini. Mbao 90 za inchi 1 kwa 6, futi 12, kwa shilingi 8,000 kila moja: 720,000. Papi, yale mabanzi ya inchi mbili kwa mbili ya kupigilia mbao, 160,000. Nafasi kwenye lori lililokuwa linakuja kwa njia ya Iringa na Mtera, 140,000. Fundi, 450,000. Vanishi, misumari na msasa, 290,000. Jumla milioni 1 na laki 7 na 60 elfu, kwa kuta mbili za sebule pamoja na dari ya chumba cha mama.

Mbao ziliposhushwa zilikuwa nzito na zinanukia vizuri mno, harufu ya msitu. Nikaifurahia harufu hiyo. Leo nikiisikia kali namna ile kwenye shehena najua ni maji na utomvu. Kwa kuogopa mvua nikazirundika ukutani, ubao juu ya ubao, nikazifunika turubai na kuibana pembe zote kwa matofali. Siku tisa baadaye tulipofunua, nyingine zilikuwa na michirizi ya rangi ya bluu iliyoiva. Ule ni ukungu unaoota kwenye msindano mbichi uliokosa hewa. Haupunguzi sana nguvu ya ubao, lakini hautoki kwa msasa.

Fundi alinihakikishia. "Bosi, hizi zimekauka, zitamalizikia ukutani." Mimi nilikuwa na hamu ya kuona kazi imekwisha kabla ya Pasaka, nikakubali. Akazipiga randa, akazibananisha ubao kwa ubao pasipo nafasi hata ya ukucha, akapigilia misumari miwili kila upande, akapaka vanishi upande wa mbele tu. Papi za nyuma alizipaka oili chafu ya gari kwa ajili ya mchwa. Hilo la oili wengi wanalifanya kwenye kenchi za paa, na nilidhani ni jambo la kawaida.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha akituangalia. Akasema, "Mwanangu, hata mpini wa jembe tulikuwa tunautundika darini juu ya moshi kwanza. Ukiutia mbichi, jembe linachomoka shambani." Nilimsikia. Nikamjibu kwamba siku hizi kuna mashine. Katika yote yaliyotokea, jibu hilo ndilo ninalolijutia kuliko fedha.

Kilichofuata kilikuja kwa zamu. Kwanza harufu ya oili: kila jua lilipochoma ukuta wa magharibi, sebule ilinuka kama gereji, na mama mwenye kifua chepesi akaanza kukohoa. Oili ile ina uchafu wa injini na inaweza kuwaka. Haifai kabisa kupakwa ndani ya nyumba wanamolala watu. Kisha dari ya chumba chake, iliyo chini ya bati, ikaanza kutoa utomvu. Matone ya rangi ya asali yalipenya kwenye vanishi na kuning'inia, mengine yakaangukia shuka. Mwezi Juni mvua ikiwa imeshasahaulika na upepo mkavu umeanza, mbao zikaanza kulia usiku. Julai zikapinda, kingo zikainuka kama sahani. Agosti ndiyo ile penseli.

Yule fundi nilimpigia simu mara nyingi. Mwishoni hakupokea tena. Sina neno naye zaidi ya hapo. Mwenye nyumba nilikuwa mimi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja seremala, mwenye karakana upande wa Kizota. Nilimpelekea kipande cha ubao wangu uliopasuka, nikamwamkia, nikamweleza. Hakunijibu. Alichukua ubao mpya uliokuwa umeshushwa wiki ile, akakata kipande cha futi 3 chenye upana na unene uleule wa changu, akaniambia, "Mama, twende dukani." Tukavuka barabara hadi kwa muuza mchele. Akaweka kipande changu kwenye mizani: kilo 1 na nusu. Akaweka kile kipya: kilo 2 na robo. Akanyooshea kidole chupa ya maji niliyokuwa nimeishika. "Robo tatu ya lita bado imo humu, kwenye kakipande haka. Wewe uliyapigilia maji ukutani."

Nilikaa naye karibu saa mbili siku ile, na aliyonieleza ndiyo ninayowaeleza watu. Ubao ukikauka haupungui urefu kwa kiasi cha kuonekana. Unapungua upana na unene. Unapungua zaidi kufuata mzunguko wa pete za mti kuliko kutoka kiini kwenda gome, karibu mara mbili, na ndiyo maana unapinda badala ya kusinyaa sawasawa. Ubao wa inchi 6 ulionyauka kutoka ubichi hadi ukavu wa kiangazi cha Dodoma unaweza kupoteza milimita sita. Ukiufunga kwa misumari pande zote mbili, hauna pa kwenda, unapasuka. Ukiupaka vanishi upande mmoja, upande mwingine unakauka kwa kasi yake na ubao unajikunja. Vanishi yenyewe haizuii unyevu kuingia na kutoka, inauchelewesha tu. Ubao utaendelea kupumua maisha yake yote: Februari utanenepa kidogo, Septemba utakonda kidogo. Kazi ya fundi ni kuuachia nafasi ya kufanya hivyo.

Nikamwuliza kama nizitupe. Akacheka kwa upole. "Uzitupe za nini? Hizo sasa zimeshakuwa wenyeji. Zimekula kiangazi kizima ndani ya nyumba hiyohiyo. Zibandue taratibu, uzipange, ukipata fedha uje."

Tulizibandua Septemba, mimi na mdogo wangu wa kiume, msumari mmoja mmoja. Kati ya 90 zilipona 64. Tulizipanga stoo kwa namna aliyonielekeza mzee: kila safu inatenganishwa na fito nyembamba, fito za juu zikiwa usawa wa za chini, hewa ipite kote, jua lisifike. Na hili kwa anayeanika mbao mbichi: upepo wa Dodoma ni mkali mno, unakausha ncha za ubao kabla ya katikati na kuzipasua. Paka ncha rangi nzito, na uweke rundo pasipopigwa na upepo moja kwa moja. Mbao nene za miti migumu zinahitaji miezi mingi, hata mwaka kwa kila inchi ya unene. Msindano wa inchi moja hauhitaji muda wote huo, lakini siku tisa chini ya turubai si kukausha.

Ilinichukua hadi Julai 2022 kupata fedha ya kurudia. Safari hii mzee alipasua kila ubao kuwa fito tatu za sentimita 4, akaondoa ncha zilizopasuka na sehemu zenye ukungu wa bluu. Kabla ya kupachika, kila fito ilipakwa dawa ya borati, unga unaoyeyushwa kwenye maji, niliouagiza Dar es Salaam. Unafaa kwa mbao za ndani zisizonyeshewa, dhidi ya bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, na ukungu. Wapo wanaopendekeza mbao zenye dawa ya kijani, ile ya nguzo. Dawa hiyo ina aseniki. Ni ya nje, na vipande vyake visichomwe jikoni hata kidogo. Baada ya borati kukauka, vanishi ya maji pande zote nne. Nyuma ya fito, juu ya papi, tulitandaza kapeti jepesi la kijivu, lile la kumbi za mikutano. Fito zikapachikwa kwa skrubu, sentimita moja kati ya fito na fito, na ukuta ukaishia sentimita 10 juu ya sakafu.

Hizo sentimita 10 ni kwa ajili ya mchwa, na naomba zisidharauliwe. Mchwa wa ardhini hapendi mwanga. Anapanda kwa kujijengea njia ya udongo, na mbao ikigusa sakafu anapita nyuma bila wewe kumwona mpaka unapogonga ubao ukasikia uwazi. Ukimwachia ukanda mtupu wa kuta, njia yake itaonekana. Mimi hupita na tochi kila mwezi wa kwanza na wa saba. Mara moja nimekuta uzi wa udongo mwembamba kama wa kalamu umetoka kwenye ufa wa sakafu na kupanda vidole viwili. Tuliubomoa, tukatia dawa kwenye ufa, tukauziba. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

Gharama ya mara ya pili: kupasua kwa mashine 80,000, papi mpya kavu 100,000, kapeti 130,000, borati 60,000, vanishi 170,000, skrubu 60,000, ufundi 500,000, na dari ya chumba cha mama tuliyoirudishia gipsamu 280,000. Milioni 1 na laki 3 na 80 elfu. Ukijumlisha na ya kwanza, nimetumia milioni 3 na laki 1 na 40 elfu kwa kazi ambayo ningeweza kuifanya kwa chini ya mbili. Fundi umeme alisogeza soketi na swichi mbele zilingane na uso wa mbao, asiache waya ndani ya uwazi. Msimruhusu mtu aruke hatua hiyo.

Nilipopata kiherehere cha kuweka pia mlango wa mninga nilikaribia kukosea tena. Mninga ni mti uliotulia, unasinyaa kidogo sana, ndiyo maana milango yake haikwami masika. Kwa sababu hiyohiyo una bei, na kuna watu wanaopaka mbao nyingine rangi. Mzee alinifundisha kulowesha kitambaa cheupe kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, na kusugua mahali pasipoonekana. Mlango wa kwanza nilioonyeshwa, kitambaa kilitoka chekundu. Mti wa mninga unachukua miongo mingi kufikia kupasuliwa mbao, kwa hiyo niliponunua hatimaye nilidai risiti na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu inayoonyesha mbao zilitoka wapi. Muuzaji mwenye vitu halali hakasiriki ukiuliza.

Kabati za jikoni sikuziweka mbao. Nilitumia MDF, zile mbao za nyuzi za mti zilizoshikamanishwa kwa gundi, kwa sababu ya bei, na iliyo chini ya sinki imeshavimba. Kama mnaitumia vyumbani, jueni gundi ya mbao nyingi za aina hiyo hutoa formaldehaidi, kemikali ambayo mwaka 2004 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Acheni kabati mpya zikae wazi, madirisha wazi, kabla mtoto hajalala humo, na kingo zilizokatwa zizibwe.

Tulimaliza ukuta mwishoni mwa Oktoba 2022. Niliongeza zulia na mapazia mazito, kwa hiyo sitasema ni mbao peke yake. Jumapili iliyofuata wajomba walikuja kutoka Bahi, sebule ikajaa. Mama alikuwa pembeni kabisa, karibu na dirisha. Mjomba mdogo, akiwa upande wa pili, alimwambia mkewe kwa sauti ya kawaida kwamba mwaka jana mtama wake uliliwa na ndege kwa sababu hakupata wa kuulinda. Mama akaweka kikombe chini. "Uongo," akasema. "Ulichelewa kupanda. Mimi nilikuwepo." Sebule nzima ikacheka, na akaendelea kubishana naye kwa Kigogo hadi jua likazama. Nilikwenda jikoni nikasimama kidogo.

Ukuta haujalia tangu siku hiyo, na masika kadhaa zimeshapita. Zile nafasi za sentimita moja zinabana kidogo Februari na kufunguka Septemba. Huwezi kuziona ila ukijua pa kutazama.

Sasa tunajiandaa na chumba cha watoto. Mbao 30 za msindano zimepangwa stoo, ncha zimepakwa rangi, na mwanangu, yule wa penseli, amechagua moja akaiandika jina lake. Kila Jumamosi tunaipima kwa mizani ya mwenye duka na yeye anaandika kwenye daftari. Ilianza kilo 9 na gramu 400. Wiki iliyopita ilikuwa kilo 6 na gramu 700, na wiki hii kilo 6 na gramu 500. Mama amesema tusiguse mpaka namba ijirudie mara tatu.